UZI: Umeelemewa na majukumu? Tuoneshane muda wa kujitunza unatoka wapi (wakazi wa Dodoma na kanda ya kati)

#1 Mdau wa Ilazo

Wakuu, heshima kwenu.

Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni mji huu unabeba mzigo wake. Bunge la bajeti linakaa, maofisa wa Mtumba (mji wa Serikali) wanatoka kazini giza limeshaingia, na nyuma yao kuna madereva, wachapaji, mama lishe na wahudumu wa nyumba za wageni ambao siku yao inafuata ya maofisa hao. Vijijini nako mtama na uwele unakaribia kuvunwa. Nimefungua uzi huu tuweke mambo yanayotekelezeka: hatua, dakika, na kinachoharibu mpango.

Naanza na muda wenyewe, maana hapo ndipo ushauri mwingi unapokwama. Mtu aliyeelemewa ukimwambia "jipe muda" umemwongezea kazi nyingine juu ya zile zilizomshinda. Siku yake imejaa. Kitu kipya kitaingia pale tu kingine kitakapotoka, kwa hiyo swali la kwanza ni unaondoa nini, tena ukitaje kwa jina.

Chukua daftari, andika siku tatu: mbili za kazi na moja ya mwisho wa wiki. Kila baada ya saa mbili andika kwa maneno machache ulichofanya tangu ulipoandika mara ya mwisho. Usisubiri usiku ukaandika yote kwa kumbukumbu, kwa sababu usiku utakumbuka kazi kubwa na kusahau vipande vya dakika kumi kumi, na hivyo vipande ndivyo tunavyovitafuta. Siku ya nne pitia ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, zungushia duara simu uliyoishika bila sababu, safari uliyorudia (asubuhi umeenda soko la Majengo kwa nyanya, jioni umerudi kwa vitunguu), na kazi ambayo mwenyewe yupo lakini unaifanya wewe. Humo ondoa dakika 30 kwa siku. Usiziondoe kwenye usingizi, na usiziondoe kwenye mlo unaokukutanisha na watu wako.

Dakika hizo zifunge kwenye tukio, usizifunge kwenye saa. "Saa kumi na mbili jioni nitapumzika" inavunjika siku ya kwanza bosi akichelewesha kikao. "Nikishavua viatu, kabla sijakaa" haivunjiki kirahisi, kwa sababu viatu utavua tu hata ukirudi saa nne usiku. Wengine wanafunga kwenye swala ya Alasiri, wengine kwenye maharage yakishainjikwa.

Halafu anza na jambo moja tu, la dakika tano, linalowezekana hata siku mbaya kuliko zote. Wiki mbili nzima ni hilo hilo. Anayeanza Jumatatu na mazoezi, maji lita tatu, kuacha sukari na kulala mapema kwa pamoja, Alhamisi hana hata moja.

---

#2 NesiWaZamu

Mdau umeanza vizuri. Kabla ya daftari lakini, pima mwili. Watu wengi wanaosema wana msongo wana kitu kingine chini yake, na hakuna ratiba itakayokiondoa.

Presha ipimwe ukiwa umekaa dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, miguu imekanyaga chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na hujanywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Ukishuka kwenye bodaboda na kupimwa hapo hapo, namba itadanganya. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, muone daktari.

Wingi wa damu: mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, mwanamume chini ya 13, uchovu na mapigo ya moyo kwenda mbio vina sababu ya kutafutwa huko. Pima na sukari. Kama unatetemeka vidole, unapungua uzito huku unakula, na unasikia joto wakati wenzako wamevaa masweta, taja habari ya tezi ya shingo. Anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta aseme pia, nyingine hufanya moyo udunde.

Na tafadhali, msinunue vidonge vya usingizi kwa kuelekezana. Dawa za jamii ya diazepam huleta utegemezi, na ukishazitumia muda mrefu ukaziacha ghafla unaweza kupata degedege. Vile vya mafua na mzio vinavyolevya navyo vinakuachia uzito wa kichwa mpaka saa nne asubuhi, halafu unaufukuza kwa kahawa, na kahawa inakunyima usingizi usiku unaofuata.

---

#3 Chuma cha Kizota

Mimi nasema mazoezi kwanza. Amka saa kumi alfajiri, kimbia saa nzima, rudi uoge. Hakuna dawa ya msongo inayozidi jasho.

---

#4 Mkufunzi wa Makulu

Chuma, kwenye jasho sikupingi, nakupinga kwenye saa kumi. Aliyelala saa sita akaamka saa kumi amelala kwa muda wa saa nne tu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ukipunguza usingizi ili ukimbie, hasira inakaa juu juu, njaa ya vitu vitamu inapanda, na kazi ya saa moja inakuchukua moja na nusu. Muda ulioupata alfajiri umeulipa mchana kwa riba.

Hesabu ianzie mwisho. Kama lazima uamke saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la Mtumba, basi saa nne usiku uwe umeshalala. Weka kengele saa tatu na nusu, iwe ya kukuambia kaa chini: taa kubwa zizimwe, simu ikachajiwe sebuleni, andaa nguo za kesho. Saa ya kuamka ibaki ile ile hata Jumapili, usipitishe nusu saa au saa moja ya nyongeza. Anayelala hadi saa nne asubuhi Jumapili, usiku wake usingizi hauji, na Jumatatu anaanza akiwa na deni.

Kafeini: baada ya saa tano hivi bado nusu yake imo mwilini, kwa wengine hata zaidi. Chai nzito au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu la saa kumi jioni bado linafanya kazi saa tatu usiku. Mwisho iwe saa sita mchana, saa saba kwa wasio wepesi kuamka. Pombe nayo inalaza haraka, ila nusu ya pili ya usiku inauvunja usingizi. Ndiyo maana mtu anaamka saa tisa macho makavu.

Umelala kitandani, kama dakika ishirini zimepita na usingizi hauji (usiangalie saa, kadiria), inuka. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, soma kitu cha kawaida au kunja nguo. Rudi kitandani macho yakiwa mazito. Ukiendelea kugaagaa, kichwa kinajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza.

Nyumba zetu za bati Oktoba na Novemba zinashika joto mpaka usiku wa manane. Mchana funga pazia upande wa jua, jioni upepo ukianza fungua madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, lowesha kanga uikamue kabisa na uitundike dirishani. Hewa ya huku ni kavu, kwa hiyo kanga hiyo inapoza kweli. Neti iteremshwe kabla giza halijaingia.

---

#5 Chuma cha Kizota

Hoja ya usingizi imeeleweka. Basi hesabu ya jioni hii hapa: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uhemehe kiasi, yaani unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Ni dakika 30 siku tano, na zinaweza kukatwa vipande vya kumi kumi. Jua la Dodoma linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu kuna baridi nzuri na bado unaona njia. Anayetoka ofisi za mjini ashuke kituo kimoja kabla, azunguke Nyerere Square, kisha aende zake. Juni mpaka Agosti upepo unabeba vumbi. Funga kitambaa puani au tembea barabara ya lami. Viatu vya ofisini vinaua visigino, beba raba kwenye mfuko.

---

#6 Dada wa Kisasa

Naomba msaada kwenye kupumua. Kila mahali tunaambiwa "vuta pumzi ndefu". Mtu anavuta, anapata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi. Kwa nini?

---

#7 NesiWaZamu

Kwa sababu anavuta pumzi kubwa na za haraka. Ukipumua kupita mahitaji unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya kichwani inabana kidogo, ndipo kinakuja kizunguzungu na ganzi za vidole na midomo. Mtu anadhani anakufa, anavuta zaidi, hali inazidi.

Fanya hivi dada. Kaa, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu moja mpaka nne polepole. Mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Toa kwa mdomo ukihesabu mpaka sita, midomo umeibana kama unayepoza uji kwenye kijiko. Pumzi iwe ya kawaida kwa ukubwa. Unachopunguza ni kasi tu. Hapo utakuwa na pumzi sita hivi kwa dakika, na ile ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Dakika tano zinatosha. Kizunguzungu kikija, punguza ukubwa wa pumzi, au hesabu tatu na nne badala ya nne na sita. Kama una mafua usilazimishe pua.

Jifunzie wakati umetulia, mara mbili kwa siku, wiki nzima. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi anaiona haifanyi kazi.

Kuna nyingine ya kukaza na kulegeza misuli, ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyeieneza tangu miaka ya 1920 na 1930. Inamfaa mtu ambaye mabega yake yamepanda masikioni bila yeye kujua. Lala chali. Kunja vidole vya miguu, kaza sekunde tano, achia ghafla, kaa sekunde kumi hadi kumi na tano ukisikiliza ule ulegevu. Panda: mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mabega, uso. Mzunguko mmoja ni dakika mbili hivi. Kaza kwa theluthi mbili za nguvu zako. Ukikaza kigimbi cha mguu kwa nguvu zote utashikwa na mkakamao. Usizuie pumzi, hasa mwenye presha. Sehemu yenye jeraha iruke.

---

#8 MamaGenge Nkuhungu

Haya yote mazuri kwa wa ofisini. Mama mwenye genge, watoto wawili chini ya miaka mitano, na mume yuko safarini Singida: hiyo nusu saa anaikata wapi? Najibu mwenyewe, maana hizi hesabu zinajulikana mtaani.

Kwenye jiko. Maharage ya kuchemsha kila siku yanakula saa mbili na mkaa juu. Loweka kilo moja usiku, kwa muda wa saa nane au zaidi, mwaga maji yale, chemsha yote siku moja. Kilo moja kavu inakuwa zaidi ya mbili ikiiva. Mwenye friji agawe mafungu manne, la leo na kesho libaki chini, mengine yagande. Asiye na friji asipike kilo, apike ya siku mbili tu, ayachemshe upya mpaka yatokote asubuhi na jioni. Siku ya tatu usile. Chumvi na nyanya weka kwenye fungu la siku hiyo tu, maharage yenye nyanya yanachacha mapema.

Mlenda mkavu wa unga ni mkombozi wa nyumba za huku, tangu maji yachemke mpaka uepue haufiki robo saa. Siku mbili kwa wiki ziwe za ugali wa mtama na mlenda, hakuna kukaanga, hakuna sufuria tatu za kuosha.

Kwenye watoto: jirani mnayeaminiana, kila mmoja anachukua watoto wa mwenzake mara moja kwa wiki. Jumamosi saa tisa mpaka saa kumi na moja wako kwako, Jumapili muda huo huo wako kwake. Patanisheni mambo matatu kabla: chakula anakuja nacho nani, mtoto akianza homa anapigiwa nani, na siku mmoja akishindwa anasema lini (jana yake, si saa nane na nusu). Mipango hii huvunjika pale mmoja anapochelewa kurudi bila taarifa, na kwa haya mwenzake hamwambii.

Na ule muda ukipatikana, usiutumie kufua. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Ukiona huwezi kukaa nyumbani bila kushika ufagio, toka, hata kama ni kwenda kukaa kanisani au chini ya mti kwa dada yako.

---

#9 Mdau wa Ilazo

Mama umenena. Naomba wazee wa kaya wanaosoma hapa walibandike na hili jikoni: karatasi moja yenye kazi zote za nyumba, kila moja na jina la anayeifanya. Kuchota maji, kukagua daftari la shule, kupeleka nguo kwa fundi, kununua gesi. Na kila kazi iwe na mwenye kuikumbuka, asiwe mtekelezaji tu. Baba anayesema "ungeniambia ningefanya" amemwachia mkewe sehemu nzito ya kazi hiyo, yaani kuikumbuka.

---

#10 FundiBomba Chang'ombe

Mmesahau maji! Mtaa wa mgao, maji yanakuja saa nane usiku, mtu anaamka kufungua, anakaa kuangalia tenki lisifurike, analala tena saa kumi. Huyo mnamwambia alale saa saba zipi?

Kwenye mlango wa tenki funga koki ya boya, ile inayojifunga yenyewe tenki likijaa. Laini ya nusu inchi, koki ya nusu inchi, utepe mweupe wa kuzibia nyuzi za bomba mizunguko saba au nane kufuata upande wa kukazia. Boya likae liwe na nafasi ya kupanda na kushuka bila kugusa ukuta wa tenki. Koki ya nje iache wazi muda wote. Asiye na tenki hata la lita 500, aunganishe mpira kutoka bombani hadi kwenye pipa, mdomo wa mpira ufungwe kwa waya usichomoke.

Maji ya huku yana chumvi. Inaganda kwenye kiti cha koki, koki inavuja, na usiku unaamka kwa sababu ya bili. Kila miezi mitatu fungua, loweka kile kichwa kwenye siki nusu saa, sugua na mswaki wa zamani, rudisha. Likitoboka, boya linaingiza maji ndani na kuzama. Litikise, ukisikia maji yanacheza nunua jingine.

---

#11 Mkufunzi wa Makulu

Fundi, hilo la koki linawapa watu usingizi zaidi kuliko semina nyingi.

Naongezea kuhusu mzigo wenyewe, maana kupumua hakupunguzi kazi zilizopo mezani. Mara moja kwa wiki, dakika ishirini, karatasi moja kubwa. Mwaga kila kitu kilicho kichwani, kikubwa na kidogo, bila kupanga. Kisha pembeni ya kila mstari andika moja ya hizi: fanya, gawia, sogeza, futa. Ukisogeza andika tarehe. Ukigawia andika jina. Kama hakuna hata kimoja ulichoandika "futa", rudia.

Kinachokwamisha ni kuandika vitu visivyo na mwanzo. "Suala la nyumba" halifanyiki. "Kumpigia fundi wa bati Jumanne saa nne" linafanyika. Kila siku chukua matatu tu kutoka kwenye karatasi. Ukichukua kumi na kumaliza matano utalala ukijiona umeshindwa, na kumbe umefanya kazi ya kutosha.

Kwa wenye mawazo yanayozunguka: tenga robo saa ya kuwaza, mahali pamoja, jioni lakini si kitandani. Wasiwasi ukija mchana uandike neno moja, uambie saa yake bado. Robo saa ikifika fungua orodha. Mengine yatakuwa yameshapoa. Yaliyobaki yanagawanyika, lile unaloweza kulifanyia kitu kesho liandikie hatua, lile usiloweza liache hapo hapo kwenye karatasi. Muda ukiisha funga daftari, simama, kafanye kazi ya mikono.

---

#12 Wakili Mlimwa

Wengi hawadai hata mapumziko ambayo sheria imeshawapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Tanzania Bara: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena ziwepo saa 12, na kila wiki saa 24 mfululizo za kupumzika. Saa za ziada ni kwa makubaliano na zisizidi 50 katika wiki nne. Likizo ya mwaka siku 28. Likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na inayofuata kwa nusu mshahara. Mama anayenyonyesha anapewa hadi saa mbili kwa siku. Walio kwenye ngazi ya menejimenti ukomo wa saa hauwahusu, na mtumishi wa umma asome pia Kanuni za Kudumu.

Likizo iombwe kwa maandishi mapema. Kwa wa serikalini, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo anayeomba Mei kuondoka katikati ya Julai ana nafasi nzuri kuliko anayeomba Juni 20 akitaka kuondoka kesho yake. Chukua wiki mbili zinazofuatana. Siku mbili mbili huishia kwenye misiba na vikao vya shule.

Ukipewa kazi juu ya kazi, usiseme "siwezi". Andika: "Kiongozi, nimeipokea. Mezani nina taarifa ya robo mwaka ya Ijumaa na barua za halmashauri za Alhamisi. Naomba mwongozo, hii ichukue nafasi ya ipi?" Umeonesha utii, na uamuzi umerudi kwa mwenye mamlaka nao, tena kwa maandishi.

---

#13 Mwalimu wa Chamwino

Na magrupu? Kamati ya harusi, kikoba, ukoo, darasa la 2009, wazazi wa chekechea. Kila moja likilia mara thelathini kwa siku, kichwa hakipumziki hata kama mwili umekaa.

Zima mlio wa yote, acha simu za kawaida zilie. Yasome mara mbili kwa siku, saa saba mchana na saa moja usiku. Mwenye dharura atapiga, na hilo waambie ndugu mapema wasije wakasema umewadharau. Kuhusu kamati, jibu fupi lenye heshima linatosha: "Shikamoo mjomba. Nimeona taarifa ya kikao. Kwenye kamati safari hii sitaweza kuingia, mchango wangu nitautuma tarehe 28. Naomba mnipokelee udhuru." Usieleze sababu tano. Kila sababu utakayoitoa itapatiwa ufumbuzi, na utajikuta mweka hazina.

---

#14 NesiWaZamu

Kuna mpaka, tuuweke wazi. Huzuni au kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita, kujiona huna thamani: hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Matembezi ya jioni yatasaidia ila yasiwe tiba pekee. Ule uchovu wa kazi unaokufanya uichukie kazi na kuona hufai chochote, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuainisha kama hali inayotokana na kazi. Ukikuta umeingia hapo, kubadilisha mazingira ya kazi ni sehemu ya matibabu.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, omba rufaa ikibidi. Hapa mjini tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanza mwaka 1927. Inaniuma watu wanavyolitumia jina lake kutishiana mitaani, kwa sababu kuna wanaoogopa kuonekana getini mpaka hali inakuwa mbaya. Wengi wanaohudumiwa wanaonana na mtaalamu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mtu akianza kusema anataka kufa, au anagawa vitu vyake na kuaga, asiachwe peke yake hata dakika moja. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa ndani sumu za shambani, dawa za panya, vidonge na kamba, mpeleke hospitali yoyote yenye huduma ya dharura sasa hivi, usiku au mchana.

---

#15 Mkulima wa Mpwapwa

Kwa wa shambani: palizi la Januari na Februari haliahirishwi, kwa hiyo msiwaambie watu wapunguze kazi wakati huo. Tunachoweza ni kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kuacha saa tano, kurudi saa kumi. Katikati kivuli, uji wa uwele na karanga, maji. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo, ukiwa wa kahawia hujanywa vya kutosha. Mikutano na michango ipangwe Agosti na Septemba, wakati ghala lina kitu na mikono ina nafasi.

---

#16 Lindo la Nala

Na mlinzi wa zamu ya usiku? Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anafika nyumbani saa moja na nusu. Mnachosema chote ni cha mchana.

---

#17 Mkufunzi wa Makulu

Kaka, hesabu ni ile ile, inageuzwa tu. Kahawa au chai ya mwisho iwe saa sita usiku. Ukitoka asubuhi vaa kofia yenye ukingo, na kama una miwani ya jua ivae, kwa sababu mwanga wa asubuhi unauamsha mwili unaotaka kuulaza. Kama unaendesha pikipiki na macho yanafumba, egesha ulale robo saa kabla ya kuingia barabara kuu. Nyumbani kula kidogo, uji na yai, oga, ingia kitandani saa mbili na nusu. Dirisha lifunikwe na blanketi zito, lakini acha mwanya juu hewa ipite.

Ukipata saa tano za mfululizo ongeza saa moja na nusu jioni kabla ya kuingia zamu. Usingizi wa vipande viwili unafaa zaidi kuliko kulazimisha kimoja kinachokatika. Siku za mapumziko usigeuke kabisa kuwa mtu wa mchana: lala saa nane usiku, amka saa nne asubuhi, ili kurudi zamu kusikuangushe. Na wa nyumbani waambiwe kwamba saa tatu asubuhi kwako ni usiku wa manane. Mgeni akija, mwenye nyumba amekwenda kazini.